Poti Moja Ikifa, Kompyuta Haijafa

Leo tunazungumzia poti za nyuma ya kompyuta ya mezani, na hoja yetu ni moja: poti ikiharibika, usikimbilie kununua kompyuta mpya. Poti ya USB 2.0 ina pini 4 tu, mbili za umeme wa volti 5 na mbili za kupitisha data. Mara nyingi kinachoharibika ni kipande hicho kidogo cha bati na plastiki, kilicholegea kwa kuchomekewa kwa nguvu au waya kuvutwa kwa pembeni, huku prosesa, memori na diski vikibaki vizima.

Wapo watakaosema kwamba poti imelehemiwa kwenye ubao mama, na fundi akizidisha joto ataharibu ubao wote. Ni kweli, ndiyo maana kulehemu kusiwe hatua ya kwanza. Ubao ukiwa na nafasi ya PCI Express iliyo wazi, kadi ya poti huchomekwa humo na kufungwa kwa skrubu. Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, gusa chuma kitupu cha kasha kuondoa umeme tuli, ndipo uanze kazi. Wengine watasema kadi haitibu shoti. Sawa kabisa: ukisikia harufu ya kuungua, au pini zimepinda zikagusana, usichomeke chochote, mpelekee fundi apime. Lakini poti iliyolegea tu haitoshi kuigeuza mashine nzima kuwa taka.