Nzi wa Maembe Hajui Mpaka wa Shamba

(Mazungumzo yetu na vikundi vya wakulima wa maembe katika Makueni, kabla ya msimu wa kuvuna)

Mlituomba tuje tuzungumze juu ya nzi wa maembe. Mlituomba pia tusikawie, maana wengine wenu wana mifugo ya kunywesha. Kwa hivyo tutaingia moja kwa moja.

Lile embe mnalijua. Kwa nje ni zuri, limeanza kupata rangi, pengine lina kidoa kidogo cheusi kama limechomwa na sindano. Ukilibonyeza hapo, kidole kinazama. Ukilipasua unakuta nyama imekuwa uji na funza weupe wanacheza ndani. (Tukisema funza hatusemi wale wa vidole vya miguu. Hawa ni watoto wa nzi.) Sasa broka akija, anatoa kisu chake, anakata embe moja au mawili. Akikuta funza hakatai embe hilo peke yake. Anateremsha bei ya mti mzima, au anarudi kwenye gari lake na kwenda kwa mwingine. Na pesa ya maembe katika nyumba nyingi za hapa ndiyo pesa ya Januari: karo, sare, na deni la dukani lililobaki tangu Krismasi. Mtoto anaweza kukosa muhula mzima kwa sababu ya nzi.

Wazee waliopo watasema nzi wa maembe hakuanza jana, na ni kweli. Tangu zamani tulikuwa na nzi wetu wa Afrika anayetoboa maembe. Lakini huyu anayetusumbua zaidi siku hizi ni mgeni. Alitambuliwa hapa Kenya mara ya kwanza mwaka 2003, na asili yake ni Asia. Mwaka 2005 wataalamu walimpa jina la Kilatini, invadens, maana yake mvamizi. Mwaka 2015, baada ya kuchunguza zaidi, wakaona ni yule yule nzi wa Asia aliyejulikana siku nyingi kwa jina la Bactrocera dorsalis, wakamrudishia jina lake. Jina tuwaachie wao. Sisi tujue kwamba alipofika huku aliwaacha nyuma maadui wake wa kule kwao, akazaana bila kizuizi, akaenea sehemu kubwa ya Afrika kwa miaka michache tu. Ukimwona utamjua: ukubwa wake unakaribia wa nzi wa nyumbani, lakini kiuno ni chembamba kama cha nyigu, na mgongoni ana mistari miwili ya manjano.

Hasara yake ilifika mbali. Mwaka 2014 Kenya ilisimamisha yenyewe kupeleka maembe katika nchi za Umoja wa Ulaya, kwa sababu mizigo yetu ilikuwa ikikutwa na funza huko. Soko hilo halikufunguliwa tena mpaka 2021, baada ya kazi kubwa ambayo sehemu yake nzuri ilifanywa katika Makueni hii hii. Hiyo ni miaka 7. Mtoto aliyezaliwa soko likifungwa alikuwa amekwisha anza shule.

Sasa tumfuate nzi huyu njia yake yote, tuone ni wapi tunaweza kumkamata. Jike anatafuta embe linaloanza kukomaa, anatoboa ngozi, anataga mayai chini yake. Baada ya siku mbili hivi mayai yanaanguliwa. Funza wanakula ndani ya embe kwa wiki moja au zaidi kidogo. Embe linaanguka. Hapo wengi wetu huwa tumeshalisahau, tunasema hiyo ni hasara, basi. Kumbe kwa nzi kazi bado inaendelea. Funza anatoka katika lile embe (mkikaa mkitazama mtawaona wakirukaruka), anaingia mchangani kina cha vidole viwili au vitatu, anajifunga katika ganda gumu la kahawia linalofanana na punje ya ngano. Siku 10 hivi au wiki mbili zikipita, ganda linapasuka na nzi mpya anapanda juu. Jike mpya hatagi siku hiyo. Anahitaji kwanza kama wiki moja ya kula vyakula vyenye protini, hata kinyesi cha ndege kilicho juu ya majani, ndipo mayai yake yakomae. Safari yote, kutoka yai mpaka yai, ni kama mwezi mmoja. Na jike mmoja akipata maisha mazuri anaweza kutaga mayai zaidi ya 1,000.

Tufanye hesabu ya darasani. Embe moja lililooza lina funza 20. Nusu ni majike, yaani 10. Tuseme kila mmoja afaulu kutaga mayai 100 tu. Mwezi ujao una funza 1,000, na wote wametoka kwa embe moja ulilolipita ukisema nitaokota kesho.

Kwa hivyo kazi ya kwanza, na kwa maoni yetu ni kubwa kuliko zote zilizobaki, ni kuokota. Okoteni kila embe lililoanguka, na yale ya mtini yenye alama yachumwe pia. Mara mbili kwa wiki. Ukikaa wiki mbili utaokota maganda matupu, wenyewe wamekwisha ingia mchangani.

Kisha yazikwe, na hapa watu wengi hupunguza. Tumesema futi mbili, lakini mtu anachimba futi mbili, anajaza maembe mpaka juu, kisha anarushia udongo wa kiganja. Huyo hajazika kitu, amewatandikia kitanda. Futi mbili ni ule udongo ulio juu ya embe la juu kabisa. Nzi akitoka kwenye ganda lake chini ya udongo wa namna hiyo, hawezi kufika juu. Na msiyatupe kando ya barabara wala mtoni. Mto unayapeleka kwa wenzenu.

Tunajua ardhi ya huku. Kuna mahali ukipiga jembe linalia. Kama kuchimba hakuwezekani, yafunikeni maembe kwa karatasi nzito nyeusi ya nailoni, ile ya kutandika mabwawa, mzibe kingo zote kwa udongo pasibaki hata tundu, muache jua lifanye kazi kwa wiki mbili. Vijitabu vya zamani vilisema mtumie mifuko myeusi ya plastiki, lakini mifuko ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017, kwa hivyo tusikutwe na makosa mengine tukipigana na nzi. Mwenye nguruwe au ng'ombe anaweza kuwapa, mradi wayamalize siku ile ile, na mabaki yazikwe jioni. Kuku nao wafunguliwe chini ya miembe. Wakichakura wanafukua yale maganda na kuyala, na hiyo ni kazi ya bure.

Sasa tufike penye uchungu. Umeokota, umezika, umefagia chini ya miti mpaka panang'aa. Ng'ambo ya ua wa makonge kuna miembe mitatu ya mtu anayefanya kazi Nairobi. Maembe yanaanguka, hakuna wa kuyatazama. Nzi wa kule wanaruka ua, wanakuja kutaga kwako. Tena kuna miembe ya kienyeji kando ya mto isiyo na mwenyewe, kuna mipera, kuna mng'ongo, ule mnaouita muua. Yote hiyo inamlisha nzi wakati maembe yenu ya Apple na Kent bado ni machanga. Anakaa huko akingoja.

Ndiyo sababu tumelileta jambo hili kwa vikundi. Mkulima mmoja akifanya peke yake atachoka na kuacha, na hatutamlaumu. Lakini nyinyi hamhitaji kufundishwa maana ya mwethya. Matuta haya ya kuzuia mmomonyoko yalichimbwa kwa mwethya, wala hakuna aliyeuliza tuta hili ni la nani wakati maji yalikuwa yanachukua udongo wa kilima kizima. Basi pangeni siku zenu mbili za wiki, mpite kilima chote, pamoja na ile miti ya mtoni.

Kuna mambo ya kukubaliana kabla embe la kwanza halijaanguka. Mwenye shamba asiyekaa hapa apigiwe simu na mtu anayemheshimu, aombwe ruhusa kwa adabu. Msiingie shamba la mtu kwa sababu tu mna nia njema, mtaambiwa mmeiba maembe. Wazee na wajane wasioweza kuchimba wachimbiwe mashimo, na kusiwe na daftari la kuwadai siku za kazi. Tumesikia pia vikundi vinavyotaka kuweka faini. Sisi tungesema mwaka wa kwanza msitoze. Mtu aliyetozwa faini huokota yale ya kando ya njia yanayoonekana, na ya ndani ya shamba anayaacha.

Tunajua wengi wenu mmekuja mkitarajia habari za mtego. Ule wa chupa, wenye pamba iliyolowekwa dawa ya methili yujenoli, unafanya kazi vizuri sana, lakini lazima mjue unakamata nani. Unavuta madume peke yake. Mtu akiona chupa imejaa nzi waliokufa anafurahi, na huku majike waliokwisha pandwa wanaendelea kutaga juu ya kichwa chake. Mitego ikiwa mingi, katika mashamba mengi kwa wakati mmoja, majike wanakosa madume, na hapo inasaidia kweli. Mmoja juu ya mti mmoja ni kama mlinzi tu: unakuambia adui amefika. Utundikeni kwenye kivuli cha matawi, na waya upakwe grisi. Bila grisi siafu na chungu watashuka na kula nzi wote, nawe utatazama chupa tupu useme mwaka huu hakuna nzi.

Kwa majike kuna chakula cha protini kinachochanganywa na sumu kidogo. Hunyunyizwi mti mzima. Unanyunyiza sehemu moja ya majani, ukubwa wa mita moja mraba, kila mti, mara moja kwa wiki, tangu matunda yakiwa bado madogo hadi mwisho wa kuvuna. Jike mwenye njaa anakwenda mwenyewe. Watafiti wamekwisha tengeneza chakula hicho kutokana na masalio ya hamira ya kiwanda cha pombe. Msicheke, angalau hapo pombe imeleta faida.

Wale wanaopiga dawa mti wote kila juma, tunawaomba wafikiri. Funza yuko ndani ya embe, dawa haimfikii. Aliye mchangani haimfikii pia. Inayemfikia ni nyuki aliyewaletea hayo matunda, na wale nyigu wadogo ambao wataalamu wa icipe kule Kasarani, Nairobi, waliwaleta kutoka Hawaii kwa kazi hii hasa. Mmoja wao hutafuta mayai ya nzi ndani ya tunda na kutaga ndani yake, na mwisho anayetoka ni nyigu. Ndugu zetu wa Pwani wana pia wale chungu wekundu wanaoitwa maji moto, wanaowafukuza nzi juu ya miembe. Wanauma, lakini wenye akili huwavumilia.

Kama pesa za kikundi ni kidogo, maoni yetu ni haya: anzeni na majembe, kisha chakula cha protini, kisha mitego.

Baada ya hapo tuliulizwa maswali. Mama mmoja alisema kwake embe halina funza katika nyama, lakini akipasua kokwa anakuta mdudu mweusi ndani. Mama, huyo si nzi. Ni bungo wa kokwa, na mtego wa nzi hautamkamata kamwe. Lakini ukikusanya na kuzika makokwa yako pamoja na maembe yaliyooza, naye unampunguza.

Kijana mmoja aliuliza juu ya kufunga matunda kwa karatasi. Kwa mti mmoja au miwili ya nyumbani inafaa, ukianza mapema. Kwa miti 100, nani atapanda? Heri uchume embe likikomaa, usiliache liive mtini ukingoja bei ipande.

Mzee mmoja aliuliza swali gumu: na jirani akikataa kabisa? Basi mpaka wake ndio mahali pa kuweka mitego yenu kwa wingi, na miti ya mstari ule isikose chakula cha protini hata wiki moja. Halafu wekeni daftari tangu siku ya kwanza ya kuuza. Andikeni kreti ngapi zilikataliwa kwa walio karibu na ua wake, na ngapi kwa walio mbali. Mavuno yakiisha, wazee wawili wamtembelee tena, waende na hilo daftari.