NANI ATATIA SAHIHI? Mtoto, safari ya majuu na mzazi aliyekataa

 

 

Nimeombwa nizungumze nanyi juu ya familia katika mwezi huu mtukufu. Ningeweza kurudia yale tunayoyasikia kila mwaka, nanyi mngeitikia "amin" tukaenda kufuturu. Lakini nimeona nichukue jambo moja ambalo hapa kwetu Karatina, na miji yote hii ya Mlima Kenya, linavunja nyumba na hatulitaji. Nalo ni hili: mzazi mmoja anataka kuhama nchi pamoja na mtoto, na mzazi mwenziwe anakataa kutia sahihi.

TATIZO LENYEWE

Chukua mfano. Dada ameachika, ana mtoto wa miaka sita. Amesomea uuguzi na amepata kazi Kanada. Baba wa mtoto yuko Nanyuki. Mwezi huu atatuma pesa ya chakula, miezi mitatu inayofuata kimya. Dada anampigia simu, anamwambia, "Baba Fulani, naomba sahihi yako tumfanyie mtoto pasipoti." Jibu: "Nenda wewe. Mtoto abaki."

Sasa ugeuze mfano. Baba ndiye anayehama, ana jamaa zake Ghuba, anataka mtoto akasome huko. Mama amebaki na kibanda chake cha mboga pale sokoni, na anajua kwamba mtoto akishapanda ndege, yeye hana nauli ya kumfuata. Naye anakataa.

Je, hawa wawili waliokataa ni sawa? La, hasha! Mmoja huenda anamwogopea mtoto, mwingine huenda anamlipiza kisasi mtalaka wake. Lakini karatasi haijui tofauti hiyo, kwake yeye sahihi ipo au haipo. Na ikikosekana, ndipo shetani anapoleta ushauri wake. "Andika baba hajulikani." "Apa kwamba amekufa." "Kuna mtu Nairobi anatengeneza hiyo barua." Ndugu yangu, tumefundishwa na Mtume (s.a.w.), kama alivyopokea Bukhari, kwamba asiyeacha maneno ya uongo, Allah hana haja na kule kuacha kwake chakula na kinywaji. Hati ya kiapo ya uongo ni uongo uliopigwa muhuri, na katika sheria ya nchi hii kuapa uongo ni kosa la jinai.

QUR'AN NA SUNNA ZINATWAMBIAJE?

Hebu fungua Suratul Baqara, aya ya 233. Aya inazungumza juu ya wazazi na mtoto anyonyaye. Maana yake kwa ufupi ni kuwa mama asitiwe madhara kwa sababu ya mwanawe, wala baba asitiwe madhara kwa sababu ya mwanawe. Halafu inasema kuwa wakitaka kumwachisha ziwa, iwe kwa kuridhiana na kushauriana. Tazama vizuri. Ikiwa kumwachisha mtoto ziwa kunataka ridhaa na shaura ya wote wawili, itakuwaje kumwachisha nchi, bibi yake, lugha yake na mzazi wake mmoja?

Katika Sunna tunazo habari mbili mashuhuri. Ya kwanza ameipokea Abu Dawud: mwanamke alimshitakia Mtume (s.a.w.) kwamba mtalaka wake anataka kumnyang'anya mtoto aliyembeba na kumnyonyesha, naye akamwambia kuwa yeye mama ana haki zaidi maadamu hajaolewa. Ya pili ni ya kijana aliyegombewa na wazazi wake. Mtume (s.a.w.) alimpa hiari achague, naye akaushika mkono wa mama yake. Ipo pia hadithi aliyoipokea Tirmidhi yenye onyo kali kwa anayemtenganisha mama na mtoto wake, kwamba Allah atamtenganisha na awapendao Siku ya Kiyama.

Sasa msikilizaji wangu wa kiume usikasirike, yako inakuja.

WANAZUONI NA SAFARI

Mas'ala haya si mageni. Imam Nawawi katika Minhaj, kitabu kinachosomeshwa sana katika madhehebu yetu ya Shafi, ameyagawa mafungu mawili. Ikiwa safari ni ya haja kisha mtu anarudi, mtoto hubaki na mzazi mkaaji mpaka msafiri arejee. Ikiwa ni safari ya kuhama moja kwa moja, baba ana haki zaidi, kwa ajili ya kuhifadhi nasaba, lakini kwa sharti kwamba njia ni ya amani na huko waendako ni kwa amani. Mahanafi nao wamemruhusu mama aliyeachwa, eda yake ikiisha, kurudi na mtoto kwenye mji wao alikofungiwa ndoa.

Kuna ndugu wanaoishia hapo. Wanasema, "Umesikia? Baba ana haki zaidi," wanafunga kitabu. Tusiwe hivyo. Ibnul Qayyim katika Zadul Maad aliziangalia kauli hizi zote akasema lililo sawa ni kutazama lipi lina maslahi zaidi kwa mtoto na litamhifadhi zaidi, kukaa au kuhama. Akaongeza sharti zito: isiwe anayehama amekusudia kumdhuru mwenziwe na kumpokonya mtoto. Ikiwa hiyo ndiyo nia, hakubaliwi.

Hapo ndipo penye kiini, jamani. Safari inaweza kuwa halali, lakini safari ileile ikitumiwa kuwa ujanja wa kumkata mtoto na mzazi wake, imebadilika sura. Vilevile kukataa kunaweza kuwa haki, lakini kukataa kuleile kukiwa ni fimbo ya kumchapia mtalaka wako, kumekuwa dhulma.

SHERIA YA NCHI

Wengi wetu tunadhani mambo haya ni ya nyumbani tu. Sivyo. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya kulelewa na wazazi wake, na inasema jukumu ni la baba na mama kwa usawa, wawe wameoana au hawakuoana. Kifungu hichohicho kinasema maslahi bora ya mtoto ndiyo yanayotangulia katika kila jambo linalomhusu. Sheria ya Watoto ya 2001 ilikuwa inamwekea mama jukumu la kwanza pale wazazi ambapo hawakuoana. Sheria mpya ya 2022 imefuata usawa wa Katiba.

Kwa hivyo mtoto aliye chini ya miaka 18 anapoombewa pasipoti, Idara ya Uhamiaji hudai cheti chake cha kuzaliwa, nakala za vitambulisho vya wazazi na ridhaa yao kwa maandishi. Mzazi akiogopa kwamba mtoto atatoroshwa, anaweza kuiomba mahakama itoe amri asitolewe nchini.

Je, tuende kwa Kadhi? Kifungu cha 170 cha Katiba kinampa Kadhi mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, pale ambapo pande zote mbili ni Waislamu na wamekubali kuhukumiwa naye. Malezi ya mtoto hayakutajwa kwa jina. Na hapa kwetu mnajua hali ilivyo: nyumba nyingi ni za mchanganyiko, baba Muislamu na mama hajasilimu, au mama amesilimu na mzee amerudi kanisani. Shauri la malezi basi, kwa kawaida, huishia Mahakama ya Watoto, mbele ya hakimu. Kadhi na maimamu wetu wanabaki kuwa wasuluhishi wazuri sana kabla hatujafika huko.

NA HUKO MAJUU?

Usidhani ukishavuka JKIA umemaliza. Kanada, kwa mtoto anayehamia huko bila mzazi mmoja, ina fomu maalum, IMM 5604, ambayo yule mzazi anayebaki huapa kwamba ameridhia. Uingereza, mzazi mmoja akitaka kumwita mtoto, kwa kawaida hutakiwa athibitishe kwamba yeye peke yake ndiye mwenye jukumu la mtoto huyo, au kuwe na sababu nzito. Afrika Kusini kuanzia tarehe 1 Juni 2015 ilidai cheti kamili cha kuzaliwa na kiapo cha mzazi asiyesafiri, hata kwa watalii, ingawa baadaye ililegeza kwa wageni.

Upo pia Mkataba wa The Hague wa tarehe 25 Oktoba 1980. Mtoto aliye chini ya miaka 16 akitoroshwa kutoka nchi mwanachama hadi nchi mwanachama, hurudishwa haraka alikotoka, na mahakama za huko ndizo zinazoamua malezi. Marekani, Uingereza na Kanada zimo. Kenya hadi kufikia mwaka 2023 haikuwa imejiunga. Maana yake ni nini kwa mama wa kibanda cha mboga? Ni kwamba mtoto akishatoka, hana ule mlango wa haraka wa kubisha. Hofu yake si ujinga. Anayetaka sahihi yake anatakiwa kwanza aijibu hofu hiyo.

Tena mahakama za nje hazimpi mtu kila kitu. Mwaka 1996 Mahakama ya Juu ya Kanada iliamua shauri la mama aliyetaka kuhamia Adelaide, Australia, akasomee fani ya kunyoosha meno. Baba alipinga. Mahakama ilimwachia mama mtoto, lakini ikaelekeza kwamba baba aweze kuonana na mtoto huko Kanada pia, si Australia peke yake. Mmoja alipata safari, mwingine hakupoteza mtoto.

BASI TUFANYE NINI?

Kwanza, shaura mapema. Usimpelekee mwenzio habari baada ya tikiti kukatwa. Mwambie unakwenda wapi, kwa kazi gani, mtoto atakaa na nani, madrasa na shule ni ipi.

Pili, wasuluhishi. Suratun Nisaa aya ya 35 imetufundisha kuteua mwamuzi kutoka upande wake na mwamuzi kutoka upande wako. Mjomba na ami wenye busara wakae chini. Hata shosho aliyemlea mtoto asikilizwe.

Tatu, andikeni. Simu ya video siku gani, nani atalipa nauli ya likizo, mtoto atarudi lini kuwaona jamaa, na ikiwa mambo yataharibika huko itakuwaje. Sheria ya Watoto inatambua makubaliano ya majukumu ya wazazi. Afisa wa watoto wa serikali atawasaidia, na namba 116 ya simu ya watoto ni ya bure.

Nne, ikishindikana, nenda kortini kwa mlango wa mbele. Hakimu ataangalia nani amemlea mtoto, nani ametoa matumizi, umri wake na matakwa yake. Mzazi aliyekaa miaka bila kutuma hata unga, kisha akakumbuka ubaba wake siku ya pasipoti, atakuwa na maswali ya kujibu.

Tano, muulizeni mtoto. Nasema hili kwa uchungu. Mimi nilikuwa na miaka minane wazazi wangu walipovutana kuhusu safari kama hii. Mashangazi waliulizwa, wazee waliulizwa, mpaka jirani aliulizwa. Mimi niliambiwa nikacheze nje. Mtume wa Allah alimuuliza mtoto. Sisi ni nani hata tusimuulize?

NENO KWA MWENYE KALAMU

Ewe ndugu uliyeshika kalamu na kukataa. Katika siku hizi za funga, jiulize peke yako usiku, baada ya Tarawehe: nikikataa, mtoto wangu anapata nini hasa? Ikiwa jibu ni "atabaki salama, nami nitamlea kweli," basi kataa kwa heshima na utoe sababu, wala asikulazimishe mtu. Ikiwa jibu ni "mama yake atanyooka," basi unamtumia mtoto kuwa rungu, na Allah amekwisha kukataza wazazi kudhuriana kwa mtoto.

Nawe unayetaka kusafiri, jiulize vilevile: ningekuwa mimi ndiye ninayebaki, ningeridhika na ahadi hizi ninazotoa?

Talaka huwatenga mume na mke. Baba haachiki na mtoto, wala mama haachiki naye.

Allah atutakabalie funga zetu, azitie huruma nyoyo za wazazi waliotengana, na awalinde watoto wetu, walio hapa na walio mbali. Amin.