Njia za Matenga ya Ndizi: Kutembea kwa Miguu Milima ya Uluguru



Wageni wengi waendao Hifadhi ya Taifa ya Mikumi hupita Morogoro wakasimama kujaza mafuta na kula, kisha wakaendelea. Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, ina tembo, twiga na simba, lakini mgeni huwatazama akiwa garini. Anayependa kutumia miguu yake, mlima wake uko hapa mjini. Uluguru unaanzia pale nyumba za mwisho za Boma na Bigwa zinapoishia. Ninachokuja kusema ni kwamba njia za kuupanda tayari zipo, na zina wenyewe.

Amka alfajiri uelekee Morningside kutokea Boma. Kabla jua halijachomoza utakutana na akina mama wa Kiluguru wakiteremka, matenga ya ndizi na mboga kichwani, wakiwahi soko. Wewe unapanda kwa saa mbili au tatu, unapumzika kila kona. Wao wameshuka bila kusimama, na jioni watapanda tena. Morningside yenyewe ni nyumba ya mawe ya enzi za Wajerumani, iliyoko kwenye mita zipatazo 1,300. Ukikaa barazani, mji wote uko chini yako.

Juu ya hapo ni msitu. Tangu mwaka 2008 umekuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, na kuingia ni kwa kibali. Humo wamo ndege wasioonekana popote pengine duniani, na humo huanza vijito vinavyoujaza Mto Ruvu, unaoinywesha Dar es Salaam. Kilele cha Lupanga, chenye zaidi ya mita 2,100, ni safari ya siku nzima: mteremko mkali, mizizi na matope. Wenye watoto wadogo wanatoshwa na Rock Garden, mawe na maji, bila kuhangaika.

Reli ya kisasa imebadilisha hesabu. Tangu Juni 2024 mkazi wa Dar es Salaam anaweza kupanda treni asubuhi, akafika Morogoro kwa muda usiofika saa mbili. Watembezi wataongezeka, na njia ya udongo haivumilii miguu mingi. Masika moja tu huigeuza mfereji. Mama mwenye tenga ndiye atakayeteleza, maana yeye hawezi kuahirisha safari.

Kwa hiyo ada ya mgeni ianze kutengeneza njia: makingamaji ya kukata mkondo, mawe kwenye miinuko, vibao kwenye njia panda. Waongozaji watoke vijiji vya mlimani. Na wazee waulizwe kabla ya kazi kuanza, watu wasilazimishwe. Tukumbuke serikali ya kikoloni ya Waingereza ilivyowalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi. Mwaka 1955 wananchi waliandamana kukataa, na mpango ukaachwa. Matuta yalikusudiwa kuokoa udongo. Kilichowaudhi watu ni kazi ya shuruti katika mashamba yao wenyewe.

Napendekeza tuanze na kipande cha Boma hadi Morningside, kati ya Juni na Septemba, udongo ukiwa mkavu, na wa kwanza kuulizwa pahala gani pabaya zaidi wawe hao akina mama wa matenga.