Tuliacha Kushindana na Mizani

(Hotuba kwa vikundi vya kujisaidia, Makongeni, Nairobi)

Karibuni Makongeni. Wengi wenu mmetoka mashambani na mmesafiri usiku, kwa hivyo hatutawachosha kwa maneno mengi. Mtaa huu ulijengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa reli, na sisi tunaozungumza nanyi ni kikundi cha kina mama kilichoanza hapa kama merigoraundi tu: kila mtu anatoa pesa kidogo, mmoja anachukua, wiki ijayo ni zamu ya mwingine. Sisi si madaktari. Tumesimama hapa kuwaeleza kosa tulilofanya sisi wenyewe, na vile tulivyolirekebisha, ili nyinyi msilirudie huko kwenu.

Mambo yalianza hivi. Siku moja tulipimwa afya bila malipo, na wengi wetu tukaambiwa uzito umezidi na presha iko juu. Tukaogopa sana. Na hatukuwa peke yetu. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba kati ya wanawake 100 wa Kenya wenye umri wa miaka 20 hadi 49, karibu 45 wana uzito uliozidi. Basi tukafanya vile kikundi hufanya: tukachanga, tukanunua mizani, tukaandika sheria. Kila Jumapili jioni tunapimwa. Aliyeongeza hata nusu kilo, faini shilingi 50. Atakayepunguza zaidi kwa miezi mitatu, faini zote ni zake.

Lakini hakuna aliyetufundisha namna ya kupunguza. Kila mtu akajitungia yake. Mmoja alikula kabichi ya kuchemsha tu, asubuhi hadi jioni. Mwingine alishinda na maji ya ndimu. Mwingine alinunua majani fulani ya chai kutoka kwa mchuuzi ndani ya matatu, akaendesha wiki nzima. Wiki ya kwanza wengine walipunguza kilo tatu, tukapiga makofi na vigelegele. Kumbe nyingi ya kilo zile za kwanza zilikuwa maji tu, wala hayakuwa mafuta.

Kulikuwa na mama mmoja kati yetu anayeuza nguo Gikomba. Yeye alikuwa na ugonjwa wa sukari na alitumia vidonge. Hakutuambia, na sisi hatukumwuliza. Kila asubuhi alimeza dawa yake kama kawaida, halafu anashinda na maji ya ndimu ili Jumapili asitozwe faini. Siku moja akiwa kazini alianza kutetemeka, jasho baridi likamtoka, akawa anasema maneno yasiyoeleweka. Wengine sokoni walidhani amelewa. Mtoto wake wa kiume, aliyekuwa amekuja kumsaidia, ndiye aliyetambua. Alikimbia akanunua soda, akamnywesha polepole wakati bado anaweza kumeza, ndipo wakampeleka hospitali.

Tulipoenda kumwona tulibeba matunda na maneno matamu. Alituangalia, akasema, "Kwani hamkuona nimechoka? Mimi nilikuwa naogopa ile faini yenu kuliko sukari yangu." Ndugu zetu, hatukuwa na jibu. Tuliporudi nyumbani hakuna aliyeongea njiani.

Jambo la kwanza tulilojifunza ni hili. Dawa nyingine za sukari zinashusha sukari ya damu, umekula au hujala. Ukimeza usile, sukari inaweza kushuka mpaka mtu akazimia. Dalili zake ni kutetemeka, jasho, moyo kwenda mbio, njaa kali na kuchanganyikiwa. Kama mtu bado anaweza kumeza, mpe kitu chenye sukari upesi: vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwa maji, au soda ya kawaida. Kama amezimia, usimtie chochote mdomoni, maana atakabwa. Mlaze kwa ubavu, mkimbize hospitali. Na yeyote anayetumia dawa ya sukari au ya presha asibadilishe ulaji wake kabla ya kuzungumza na daktari au muuguzi wake. Hili liandikeni kwenye kitabu cha kikundi.

Jambo la pili tulilojifunza ni kwa nini kujinyima hakudumu. Hebu fikirieni mama anayeona unga unaisha kwenye debe. Anafanya nini? Anapunguza kipimo, anapika sufuria ndogo. Mwili nao ni hivyo hivyo. Ukiunyima, unapunguza matumizi yake, unakula hata misuli, na njaa inaongezeka. Siku ukiacha kujinyima, unakula kwa pupa na mwili unajiwekea akiba. Ndiyo maana wenzetu wengi walirudi palepale, wengine wakapita.

Jambo hili lilipimwa zamani. Mwaka 1944 hadi 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota kule Marekani, mtaalamu aitwaye Ancel Keys alichunguza wanaume 36 waliojitolea. Walikuwa watu waliokataa kwenda vitani kwa sababu ya dhamiri zao, wakakubali kukaa na njaa ili dunia ijue namna ya kuwasaidia watu waliokosa chakula wakati wa vita. Kwa miezi sita walipewa chakula kidogo, hasa viazi, mkate na makaroni, na kila wiki walitembea karibu kilomita 35. Walipoteza kama robo ya uzito wao. Lakini pia walihisi baridi, wakawa wanyonge na wenye hasira, wakawa wanaota chakula na kusoma vitabu vya mapishi. Walipofunguliwa kula, wengine walikula bila kushiba, na mafuta mwilini yakarudi haraka kuliko misuli. Hao walikuwa vijana wenye afya njema. Sasa sisi, wenye presha na watoto wa kulea, tulidhani tutaweza?

Wengine mtauliza: basi tuache tu, tubaki vile tulivyo? Hapana. Uzito uliozidi unaleta shida kweli, na kwetu una ugumu wake. Zamani unene ulikuwa dalili kwamba mtu ametunzwa vizuri. Ukikonda kidogo majirani wananong'ona kwamba wewe ni mgonjwa. Kwa hivyo tunavutwa huku na huku. Njia ya kufuata iko katikati, na inaenda polepole.

Uchunguzi mwingine wa Marekani, uliotangazwa mwaka 2002, ulifuata zaidi ya watu 3,000 waliokuwa karibu kupata ugonjwa wa sukari. Waliofundishwa kula vizuri na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki walikuwa na lengo la kupunguza asilimia 7 tu ya uzito wao. Mtu wa kilo 80, hiyo ni kama kilo tano na nusu. Hatari yao ya kupata sukari ilipungua kwa asilimia 58, kuliko hata wale waliopewa vidonge. Mnaona? Hawakuambiwa wakonde kama ufito. Waliambiwa wabadilike kidogo, na wadumu.

Sasa tuwaambie tunachofanya siku hizi.

Kwanza, sahani. Tunaigawa kwa macho. Nusu ni mboga: sukuma wiki, managu, terere, kunde, kabichi. Robo ni ugali, wali, viazi vitamu au nduma. Robo nyingine ni maharagwe, ndengu, omena, yai, samaki au nyama kidogo. Ugali hatujauacha, jamani. Tulipunguza mlima ukawa kilima. Na tukiweza tunasagisha mahindi pamoja na ganda lake, maana unga mweupe sana umeondolewa vitu vingi vya maana.

Watu husema chakula bora ni cha matajiri. Tulipiga hesabu ya matumizi yetu, tukakuta pesa nyingi zinaenda kwa soda, mandazi, chipsi na sukari ya chai. Nyinyi wa mashambani mna bahati, mnachuma managu nyuma ya nyumba ambayo sisi tunanunua kwa kifungu. Msiuze mboga na mayai yote mkarudi nyumbani na soda na mkate mweupe! Hapa mjini wengine wetu wamepanda sukuma kwenye magunia, hata mahali pa kusimama mtu mmoja panatosha.

Pili, sukari, chumvi na mafuta. Chupa ya soda ya mililita 300 ina sukari karibu vijiko vinane vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asipitishe vijiko 12 hivi kwa siku, na vizuri zaidi viwe sita, ukihesabu pia ile ya chai na ya soda. Mtu wa vikombe vitano vya chai, vijiko vitatu kila kimoja, ameshapita. Tulipunguza nusu kijiko kila wiki mbili, ulimi ukazoea bila vita. Chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa mtu kwa siku, pamoja na ile iliyo ndani ya mkate na viungo vya dukani. Na mafuta tunapima kwa kijiko, hatumwagi tena kutoka kwenye chupa.

Tatu, hakuna kuruka chakula. Tuligundua kwamba aliyeshinda njaa mchana ndiye anayemaliza sufuria usiku. Asubuhi uji wa wimbi au viazi vitamu, na siku inaenda vizuri.

Nne, kutembea. Wazee wetu wa reli walikwenda kazini kwa miguu. Sisi tunapanda matatu hata kwa safari ya stendi mbili. Sasa tunatembea pamoja dakika 30, siku tano kwa wiki, hadi karibu na City Stadium na kurudi. Tunaenda kukiwa na mwanga na tunaenda wengi, kwa usalama. Mwendo wenyewe ni ule ambao unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Aliye na maumivu ya magoti anaanza na dakika kumi. Akihisi maumivu ya kifua au kizunguzungu, anasimama na anaenda kuonwa na daktari. Nyinyi mnaolima na kuteka maji mnafanya mazoezi tayari, lakini yule wa dukani na yule dereva wa boda boda hukaa siku nzima. Wakumbukeni hao.

Kuna walioniuliza, yaani waliotuuliza sisi sote, kuhusu kufunga kwa ajili ya maombi. Huko ni kwingine. Kufunga kuna siku yake na nia yake, si njia ya kukonda. Na mgonjwa, mama mjamzito au anayenyonyesha azungumze na muuguzi na mchungaji wake kwanza. Hatudhani kuna anayemlazimisha mgonjwa azimie.

Na ile mizani? Iko bado, lakini tunapima mara moja kwa mwezi, kila mtu anaona namba yake mwenyewe, hatutangazi. Faini tuliifuta. Pesa zilizokuwa zimebaki zilinunua mashine ya kupimia presha. Mwezi ule ule tulimwita yule mama, tukamwomba msamaha mbele ya kikundi chote. Hakurudi mara moja. Ilichukua miezi miwili. Siku aliyorudi hakusema kitu, alifunga lesso kiunoni akatembea nasi. Kwa mwaka mmoja amepunguza kilo nne. Namba hiyo isingeshinda zawadi yetu ya zamani. Lakini sukari yake imetulia, na anakula mchana.

Mwenzetu mwingine aliondoka na hajarudi. Alisema tulimcheka siku alipoongeza kilo moja. Ni kweli, tulimcheka. Tumemwendea mara mbili na tutaenda tena.

Ndugu zetu, kikundi kina nguvu. Nguvu hiyo hiyo inaweza kumnyanyua mtu au kumsukuma shimoni. Mkirudi nyumbani, kabla ya kununua mizani, ulizaneni kwanza: nani kati yetu anatumia dawa, na nani anaogopa kusema?



Maswali ya kujadiliana katika kikundi:

1. Katika kijiji chetu, ni vyakula gani vya asili tumeviacha, na kwa nini?

2. Tukiweka faini katika kikundi, inamsaidia nani na inamwumiza nani?

3. Wiki hii kila mmoja wetu anaweza kubadilisha jambo gani moja dogo, na nani atatembea naye?