Kitabu kilikuwa ndani ya kabati

(Maneno tuliyoyasema katika mkutano mkuu wa wanamemba. Tumeyaandika hapa juu ya wale ambao hawakufika, na juu ya wafadhili wetu walio mbali.)



Leo hatutaanza na mambo ya feza. Hesabu ya kasa mtaisikia kisha. Tunataka kwanza kuongea juu ya ile nyumba ya mabati iliyo nyuma ya soko, chini ya mwembe, yenye kuandikwa « Bibliothèque » kwenye mlango. Kwa Kiswahili ni maktaba. Wengi wetu tumepita mbele yake kila siku ya soko, miaka na miaka, bila kuingia hata mara moja. Sisi wa komite pia. Hatumcheki mtu hapa, tunajisema wenyewe.

Tuseme kwa nini. Wengi wetu tulitoka huku mwaka 1996, wengine 1998, tukavuka ziwa. Tulikaa Lugufu, tulikaa Nyarugusu, miaka kumi na zaidi. Kule Tanzania sheria ilikuwa hivi: mkimbizi hapiti kilometa 4 kutoka kambini bila kibali. Nchi ile ina maktaba za watu wote mijini, na ile kubwa ya Dar es Salaam aliifungua Mwalimu Nyerere mwenyewe mwaka 1967. Lakini jaribu kwenda kuomba kibali ukisema unataka kusoma kitabu! Kibali kilikuwa cha ugonjwa, cha kifo, labda cha mtihani.

Ni kweli kambini tulikuwa na chumba cha vitabu. Kibanda cha matofali ya udongo, shitingi juu, vitabu vya programu ya Congo kwa Kifaransa, ili watoto wasome ya kwao wakingoja kurudi. Kitabu kimoja, watoto sita. Kwenda nacho nyumbani, hapana. Hivyo tukazoea kwamba kitabu ni kitu cha shirika: kinakaa kwa shirika, na shirika likiondoka, nacho kinaondoka. Lugufu ilifungwa mwaka 2009 na vile vitabu hatukuviona tena. Tuliporudi na meli, tukashuka Baraka na mizigo yetu, hakuna mtu aliyetuuliza kibali tena, lakini ndani yetu tulibaki na zile kilometa 4.

Na kulikuwa na jambo lingine. Ndugu zetu waliobaki walituita Watanzania. Ukisema « naomba maji » wanacheka, kwani huku mtu anasema tu « nipe maji ». Sisi nasi tuliwaona kama watu waliokaa ndani ya nyumba zetu na kula miembe yetu. Maktaba tukaihesabu kuwa ya kwao, wao na wanafunzi wao.

Kilichotuingiza mule ni udongo.

Mnamjua yule mama wetu mjane mwenye shamba la mihogo karibu na mto. Hatutataja jina lake, kesi haijaisha. Aliporudi kutoka Nyarugusu alikuta mtu ndani ya shamba. Yule mtu hakuwa na matusi hata kidogo, alikuwa na karatasi. Akamwambia: « Mama, sheria ya 1973 inasema udongo wote ni wa Serikali. Nyinyi mlienda. Desturi yenu haina nguvu tena. » Mama akaja kwetu analia. Sisi, komite nzima, watu tisa wenye kusoma, hakuna hata mmoja aliyejua kumjibu. Tuliisikia ile sheria ikitajwa kila siku, kama mtu anavyotaja mvua. Kuisoma, bado.

Tukatafuta. Mtu mmoja wa mjini akatuambia anaweza kutuletea fotokopi ya kurasa zenye kututosha kwa dola 20. Tulikuwa karibu kuzitoa, ndiyo, kutoka kasa hii hii yenu. Njo kijana mmoja wa sekondari, mwenye kwenda maktaba kujitayarisha kwa ekzeta, akasema: « Lakini wapapa, ile sheria iko pale. Kabati la pili, chini. » Tukaenda. Ilikuwa pale, na vumbi juu yake, na pamoja nayo marekebisho ya mwaka 1980. Kutoka mlango wa ofisi yetu mpaka lile kabati si hata dakika tano kwa miguu.

Tulikaa jioni tatu. Mmoja anasoma Kifaransa kwa sauti, mwingine anageuza kwa Kiswahili, kisha wote tunabishana. Neno moja, « jouissance », lilitukula saa nzima. Vijana walikuwa wanacheka, wanajua kwa nini. Mwishowe tukakubaliana: ni haki ya kutumia udongo na kula matunda yake, hata kama udongo wenyewe si mali yako.

Na hii ndiyo tuliyoikuta. Yule mtu hakusema uongo, alisema nusu. Kifungu cha 53 kinasema kweli kwamba udongo ni mali ya Serikali peke yake, hauuzwi, wala miaka kupita haiiondolei Serikali ile mali. Lakini ukiendelea kusoma unafika vifungu 387 mpaka 389, vinavyoongea juu ya udongo wa jamaa za wenyeji, wanaokaa, wanaolima, wanaotumia kwa desturi. Wale hawafukuzwi na sheria. Sheria inasema haki zao za kutumia zitapangwa na ordonansi ya Rais, ordonansi ambayo miaka na miaka haikutoka. Basi kuna shimo katika sheria, na watu wenye macho wanapitia mule.

Tena, mbele ya kumpa mtu udongo wa kijijini, sheria inaomba uchunguzi: watu wa Serikali wafike mahali penyewe, waandike ni nani anakaa pale, kuna mimea gani, miti gani, wasikilize kila mwenye kudai. Soma kifungu cha 193 na vinavyofuata. Na haki ya kutumia udongo uliotolewa na Serikali inathibitishwa na karatasi moja tu, « certificat d'enregistrement ». Kifungu cha 219. Karatasi nyingine zote ni njia ya kufika kwa hiyo, au si kitu.

Tulirudi kwa yule mtu pamoja na mama, chefu akiwepo. Tulimwuliza maswali mawili, bila makelele. Uchunguzi ulifanyika siku gani? Na hii karatasi yako ni certificat? Ilikuwa karatasi ya kuuziana, yenye muhuri wa kijiji. Aliinyamazia. Tunasema tena, kesi haijaisha, iko mbele ya wenye kuikata, na avoka ametuonya tusiimbe mapema. Lakini msimu huu ni mama ndiye aliyepanda mihogo katika lile shamba.

Hapa tuongeze neno moja kwa nguvu, juu linahusu wengi waliokaa hapa leo. Kifungu cha 227: certificat ikishatoka, ukinyamaza miaka 2, hakuna tena njia ya kuishambulia mbele ya tribinali. Miaka 2! Sisi tulikuwa ng'ambo miaka kumi. Kwa hiyo mkisikia mtu anapima shamba lenu, anapanda vigingi, msingoje mavuno. Njoo maktaba siku ya nne jioni, tuko pale, tunasoma pamoja na yeyote. Asiyejua kusoma aje pia, masikio yanatosha.

Sasa tuwaambie juu ya papa mwenye kuitunza ile nyumba, maana bila yeye tusingekuwa na habari ya kuleta. Yeye ni wa wale waliobaki. Vita vya 1998 vilipofika alichukua vitabu usiku kwa usiku, akaviweka ndani ya pipa mbili za mafuta zilizokauka, akazifunika, akazizika nyuma ya jiko la mke wake. Milango ya maktaba ilichomwa kuni, etajeri pia. Vitabu alivitoa kisha, vingine vimeota ukungu, vingi vizima. Kitabu cha sheria kilikuwa ndani ya pipa mojawapo. Tulipomwuliza kwa nini alijitaabisha hivyo, alitujibu kwamba yeye ndiye aliyekuwa na daftari ya kuazimisha, na majina ya watu waliokuwa hawajarudisha yalikuwa mle, na siku moja wangerudi. Majina mengine yalikuwa yetu. Mmoja wa wazee wetu alikutwa ana deni la kitabu tangu 1995. Alicheka, kisha akatoka inje akakaa kidogo chini ya mwembe.

Mshahara wake, tuache tu. Watu wa kazi za Serikali waliomo humu wanaelewa.

Tuliona pia kwamba hatukuwa na mikono mitupu. Karibu vitabu vyote vya pale ni vya Kifaransa, na watoto wetu wanasoma Kiswahili haraka kuliko Kifaransa. Tukapita nyumba kwa nyumba kuuliza nani alirudi na vitabu ndani ya mizigo. Tulipata 43. Kamusi, masimulizi ya Shaaban Robert, vitabu vya shule za Tanzania, na nakala mbili za « Mahali Pasipo na Daktari », moja haina jalada. Hiyo ndiyo inayoombwa kuliko yote, na wenye kuiomba sana ni wale waliobaki! Mkunga mmoja wa mtaa wa juu ameiazima mara nne. Sasa jioni wanakaa meza moja na sisi, tunawageuzia maneno magumu ya Kiswahili cha ng'ambo, wao wanatusaidia Kifaransa. « Mtanzania » bado wanaita, lakini siku hizi ni utani.

Wenzetu waliorudi kutoka Burundi walituletea wazo lingine. Kule, tangu 2014, Bibliothèques Sans Frontières ilipeleka kambini masanduku makubwa yenye rangi, unayafungua na kwa dakika 20 umepata maktaba, na viti, na kompyuta. Waliyaona Kavumu. Wanasema kilichowapendeza zaidi ni kwamba mtoto alikuwa anachukua kitabu kwa mkono wake mwenyewe, bila kuomba mtu mkubwa amfungulie kabati. Sisi makabati yetu yanafungwa na kufuli. Tumebishana juu ya hiyo na papa mtunzaji. Amekubali etajeri moja iwe wazi, ya watoto. Moja tu, kwa sasa.

Kwa mwenye kuingia mara ya kwanza: kitabu kina namba mgongoni. Usiogope zile namba, ni kama namba za avenyu. Sheria iko 340. Matunzo ya mwili na magonjwa 610. Ulimaji na ufugaji 630, na mule kuna kitabu kinachoeleza ule ugonjwa wa kukunja majani ya mihogo, kwamba unaletwa na inzi mweupe mdogo na sisi wenyewe tunaueneza tukikata mbegu kwenye shina gonjwa. Historia ya upande wetu wa Afrika ni 967. Riwaya ziko kando, na za Zamenga Batukezanga hazikai kabatini hata siku moja, lazima ujiandikishe na ungoje.

Na nyinyi wafadhili wetu, tunawashukuru, na tunataka kuwaambia ukweli kwa heshima. Makarton ya vitabu yaliyofika mwaka jana yalitugharimu kuyatoa bandarini kuliko bei ya mabati kumi. Ndani yake kulikuwa vitabu vya kompyuta za zamani kwa Kiingereza, na kitabu cha kupika samaki wa bahari ya baridi. Sisi ni watu wa ndakala na lumbu. Tafadhali, mbele ya kutuma, tuulizeni. Tunachohitaji ni hiki: pano ya jua na taa tatu ili watoto wa ekzeta wasome kisha saa kumi na mbili jioni, vitabu vya shule vya darasa la tano na la sita kwa wingi, na kitu cha kumpa papa mtunzaji kila mwezi, hata kidogo, kiwe na jina na kisainiwe. Mchwa tumeshaupiga wenyewe: miguu ya etajeri tumeisimamisha ndani ya kopo za mafuta machafu ya injini.

Siku ya posho, saa mbili asubuhi, ni kazi ya mikono. Upande wa nyuma wa paa unavuja juu ya historia. Kila jamaa ilete mtu mmoja, na mwenye ngazi alete ngazi.

Neno la mwisho ni la aibu kidogo. Kitabu cha sheria ya udongo hakipo kabatini tangu wiki mbili. Kilitoka bila kuandikwa kwenye daftari. Aliyekichukua tunamjua, na tunajua pia ana kesi ya shamba, hatuna hasira naye. Akirudishe tu, hata usiku, hata kwa mkono wa mtoto. Kuna watu watatu wanakingoja siku ya nne.