Sauti Ikififia, Mgonjwa Asinyamazishwe
Mazungumzo ya afya kwa wakazi wa Suam



Mzee aliyezoea kuita watoto kutoka ng'ambo ya shamba, leo hasikiki hata na aliyeketi kando yake. Wengi husema ni uzee. Wakati mwingine ni ugonjwa wa Parkinson, unaopunguza dopamini, kemikali ambayo ubongo huitumia kuongoza mwendo wa mwili. Mikono hutetemeka, hatua hufupika, sauti hufifia.

Sauti kufifia si akili kupotea. Mzee akikawia kujibu, jamaa huanza kumjibia. Mwishowe mahindi yanauzwa na shamba linagawanywa bila neno lake. Hiyo si haki.

Mara nyingi mgonjwa hajui kwamba anaongea chini. Masikioni mwake anasikika vizuri. Tiba ya LSVT LOUD, iliyobuniwa Marekani miaka ya 1980, humfunza jambo moja: kupaza sauti. Hukutana na mtaalamu wa usemi saa moja, mara 4 kwa wiki, kwa wiki 4. Kutoka Suam hadi Kitale ni kilomita 45 hivi, na nauli ya safari zote hizo ni mzigo. Ndiyo maana mazoezi ya nyumbani ni muhimu.

Mtaalamu akishampima na kumwelekeza, mgonjwa afanye mazoezi kila siku. Avute pumzi, kisha aseme "aaa" kwa sauti kubwa bila kukaza koo. Ataje siku za wiki. Asalimie jirani, aombe, kwa Kisabaot, Kibukusu au Kiswahili, lugha aliyoizoea. Familia izime redio, imtazame usoni na kumwacha amalize.

Tahadhari: si kila ugonjwa wa neva hutunzwa hivi. Kuna unaoua neva zinazoongoza misuli, na kwa huo kulazimisha sauti humchosha mgonjwa. Huyo huandaliwa mapema ubao wa herufi au picha za kuonyesha kwa kidole. Kwa hivyo vipimo kwanza.

Mgonjwa anayepaliwa anapokula aketi wima, ale polepole, tonge dogo dogo, na apelekwe hospitalini upesi. Chakula kikiingia mapafuni huleta nimonia, nayo huua.

Familia yenye mgonjwa wa aina hii imweleze mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chake, au ifike zahanati iliyo karibu na kuomba rufaa. Parkinson haijapata dawa ya kuiponya, lakini mgonjwa anaweza kusaidiwa aendelee kusikika nyumbani kwake.