Gari Mbele ya Duka, na Bendera Yetu Juu Yake

(Haya ni maneno niliyosema kwenye kikao cha vijana wa tawi letu hapa Dar es Salaam. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema.)

Asante mwenyekiti kwa hizi dakika kumi. Kwenye ratiba mmeona nimepangiwa katiba mpya, na najua wengine mmekuja na daftari kabisa. Mtanisamehe. Leo naongelea kupaki magari mbele ya duka la Mangi. Chekeni kwanza, nasubiri.

Haya. Wote mnapajua pale kona. Unaacha lami, unaingia barabara yetu ya vumbi, kushoto duka, kulia mtaro usio na mfuniko. Njia nyingine ya gari kwenda nyumba za nyuma hakuna. Sasa ikifika saa kumi na mbili jioni, Noah imesimama mlangoni, dereva "anachukua mkate tu." Nyuma yake kirikuu inashusha kreti za soda. Bodaboda wamejipanga pembeni, bajaji imeingiza pua palipobaki. Halafu anakuja bwana mkubwa na gari lake la juu, anasimama katikati, anawasha hazadi, huyo anaingia dukani. Yaani zile taa mbili zikiwaka amejipa kibali. Na dakika mbili zake tunazijua, maana akifika ndani anakuta mpira kwenye televisheni ya Mangi.

Mimi nilikuwa nalalamika tu kama nyie. Napiga honi, natukana kimoyomoyo, napita. Mpaka Alhamisi moja.

Jirani yangu, mzee wangu kabisa, sukari ilimchukua mguu. Anatembelea kiti mwendo. Kila wiki anakwenda kusafisha kidonda, na anayemsukuma ni mjukuu wake, mtoto wa darasa la tano. Kawaida wanapita pale kati ya duka na mtaro mpaka lami, ndiyo wanapanda bajaji. Siku hiyo palikuwa pamezibwa. Mtoto akajaribu kupenya ukingoni, gurudumu likaingia mtaroni, mzee akaenda nalo. Nilikuwa hatua kama thelathini. Nilisikia kishindo kabla sijaona.

Tulimtoa. Mkono ulikuwa umeteguka, maji machafu mpaka kwenye bandeji ya kidonda. Yule mtoto alikuwa analia anasema "babu nisamehe, babu nisamehe." Mwenye gari akatoka dukani na mfuko wa mkate, na sitamsingizia, alisaidia kunyanyua, akasema pole mara nyingi. Halafu akasema, "Lakini nilikuwa nimewasha hazadi."

Usiku ule sikulala. Nikachukua vijana wawili, tukabeba mawe makubwa tukayapanga mbele ya duka, gari lisimame tuone. Tukajiona mashujaa. Saa tano usiku bodaboda mmoja akayavaa yale mawe. Hakufa, namshukuru Mungu, lakini goti lilichanika na nauli zake za siku nzima zikaishia kwa fundi. Nilikwenda kumwomba radhi na nikachangia matengenezo. Kwa hiyo anayetaka kusema "tuzibe tu," aje nimpeleke kwa yule kijana kwanza.

Baada ya hapo ndiyo nikaanza kuzunguka maofisini. Ofisi ya kwanza wakaniambia hilo ni la barabara. Ofisi ya barabara wakasema hilo ni la usalama. Wa usalama wakasema wao wako barabara kuu, huko ndani muongee na mtaa. Mtaa nilikuwa ndiyo nimetoka. Nikarudi nyumbani viatu vimejaa vumbi, nikasoma mwenyewe.

Sheria ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973. Tangu enzi hizo ni kosa kuacha gari mahali linapozuia wengine au kuwahatarisha, na haisemi ukiwasha taa unasamehewa. Ipo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, inayowapa haki ya kufika na kupita kama wengine. Barabara za mitaa kama hii ziko chini ya TARURA, tangu mwaka 2017 ilipoanzishwa. Na Katiba yenyewe, ibara ya 146, inasema serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Mnaona? Nimefika kwenye katiba hata hivyo.

Sasa sehemu ambayo sikutaka kuisema, lakini mwenyekiti anajua kwamba nitaisema.

Jumapili iliyopita nimetoka kununua vocha, nakuta pale pale, sentimita chache kutoka alipoangukia mzee, gari limepaki limeziba njia yote. Hazadi zinawaka. Na kwenye boneti, bendera yetu. Kamanda wetu, mtu ninayemheshimu, alikuwa ndani anakunywa soda na kuwaeleza watu jinsi watawala wanavyojiona wako juu ya sheria. Alikuwa anaongea vizuri sana. Watu wanamsikiliza, na nje kuna mama mwenye mtoto mgongoni na ndoo kichwani anazunguka lile gari kupitia lami, daladala zinampigia honi.

Yule mama aliitazama bendera. Hakusema kitu. Niliona aibu mpaka nikasahau vocha.

Nilimwita kamanda pembeni, nikamwambia. Akanijibu, "Dogo, tuna mambo makubwa ya kupigania." Sawa, ni kaka yangu, sikubishana naye mbele za watu. Namjibu leo, na yupo hapa, na nilimwambia kabla kwamba nitamjibu. Kaka, yule mama hajawahi kukutana na rais. Hajawahi kukutana na waziri. Amekutana na gari lako.

(Hapa palikuwa na kelele kidogo. Kamanda mwenyewe alisimama, akasema "endelea, dogo." Namshukuru.)

Nimekwenda kwa Mangi pia, maana ni rahisi kumfanya yeye mbaya. Akaniambia, akiwafukuza wenye magari wanahamia duka la mbele, na ana watoto watatu shule. Tukakaa kwenye kreti tukaongea kama saa nzima. Amekubali kirikuu ya soda ije saa nne asubuhi, watoto wakiwa wameshaingia darasani. Amekubali kuandika ubao kwamba magari yasimame pale kwenye uwanja wa mpira, ni hatua kama mia. Bodaboda wao wanataka kujua watasimama wapi, na wana haki ya kuuliza, sina jibu bado. Mtaro nao unataka mfuniko, na huo hauwezi kuwa wa mchango wa Mangi. Ni lazima uombwe kwa maandishi, na ombi lipite kwenye mkutano mkuu wa mtaa.

Hapo ndipo wengine mnanikatalia. Mwenyekiti wa mtaa ni wa chama tawala, kwa nini tumsaidie? Jamani, sijasahau Novemba 2024. Nilikuwepo wagombea wetu walipoenguliwa, na nilikesha kama nyie. Lakini mkutano wa mtaa si wa chama. Mkazi yeyote mwenye miaka 18 anaingia na anasema. Tukikaa nje tumesusa, ajenda itakuwa michango ya mwenge, na mtaro utabaki wazi.

Mzee anaendelea vizuri, mnaouliza. Mkono umefungwa, na siku hizi hapiti pale kabisa. Mjukuu anakataa kumsukuma.

Mkutano ni Jumamosi saa nne, ofisi ya mtaa. Nimeshaandika barua ya ajenda na ninayo nakala yenye muhuri. Nahitaji watu wawili wa kupima upana wa njia kwa futi kamba, na mmoja wa kupiga picha jioni bila kuonyesha sura wala namba za magari. Bendera na fulana acheni nyumbani. Mwenye gari aliache uwanjani.